Chuma cha Moto na Mguu wa Farasi

Katika bonde la Bugarama, kusini ya wilaya ya Rusizi, mahali ambapo ardhi ya Rwanda imeshuka chini kuliko kwingine kote, hata ikafika takriban mita 950 juu ya usawa wa bahari, pana chemchemi za maji ya moto ambazo wenyeji huziita Amashyuza. Na mpita njia haachi kuwaona hapo watu wazima na vijana wameketi ukingoni, wamezamisha miguu majini, huyu goti limemvimba, yule kifundo kimeteguka, na wa tatu, mwenye miguu mizima kabisa, amekuja kwa sababu mwenziwe amekuja. Wote wana itikadi moja, nayo ni kuwa maumivu ya mguu hutolewa na joto. Itikadi hiyo si ya Bugarama peke yake, wala haikuishia kwenye maji. Kwani rai ile ile, ikipelekwa mbele hatua mbili tatu, ndiyo iliyowafanya watu wa mataifa mengi, kwa muda wa miaka inayopindukia elfu, wachukue chuma, wakipashe katika makaa hata kiwe chekundu, kisha wakibandike juu ya mguu wa farasi aliye hai, kwa nia ya kumponya.

Msomaji wa Kamembe au wa Nyamasheke ataniuliza, na haki yake kuuliza: farasi gani? Maana nchi hii, iliyoitwa Kinyaga kabla ya kuitwa Cyangugu, na Cyangugu kabla ya kuitwa Rusizi, haikuwa na farasi. Ng'ombe walikuwako, tena wa sifa. Mbuzi na kondoo walikuwako. Illa mnyama wa kupandwa hakuwako, na mfalme mwenyewe aliposafiri alichukuliwa juu ya machela mabegani mwa watu. Ushahidi mwepesi kuliko wote umo katika lugha, kwani Mnyarwanda humwita mnyama huyu *ifarashi*, na hilo si neno la milimani bali ni Kiswahili chetu, farasi, ambacho nacho tulikipokea kwa Waarabu. Jina limepanda kutoka pwani pamoja na misafara na askari, likafika ukingoni mwa ziwa Kivu, na mara nyingi lilifika peke yake, mwenye jina akiwa amekufa njiani.

Sababu za kufa kwake zinajulikana. Ya kwanza ni mbung'o, ambaye katika nyika za chini na kandokando ya mito huwapa wanyama maradhi ya nagana, maradhi ambayo David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alikitambua kijidudu chake huko Zululand katika miaka ya 1894 na 1895. Ng'ombe huweza kudhoofika nayo kwa miezi, lakini farasi aghalabu hudondoka upesi. Ya pili ni tauni ya farasi, iletwayo na usubi wa usiku, ambayo humjaza mnyama maji mapafuni hata povu likamtoka puani, akafa leo ilhali jana alikula vizuri. Katika vita vya 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yalipomfuata Mjerumani kutoka Kilimanjaro hata mto Rufiji, farasi na nyumbu walikufa kwa makumi ya maelfu, na njia zikajulikana kwa uvundo wao. Na mwaka huo huo Wabelgiji walipouvuka mto Rusizi na kuitwaa Cyangugu, nguvu iliyobeba risasi na chakula chao ilikuwa shingo na kichwa cha mpagazi. Mguu uliochubuka katika vita ile ya huku kwetu ulikuwa wa binadamu, na hakuna aliyeandika kitabu cha kuutibu.

Hata hivyo haitupasi kudhani kuwa watu wa Kinyaga hawakuwa na elimu ya mguu wa mnyama. Mchungaji aliyewaongoza *inyambo*, wale ng'ombe wa kifalme wenye pembe ndefu, waliofundishwa kutembea kwa madaha mbele ya wakubwa, alijua mwendo wa kila mmoja wao kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe; ng'ombe akibadili hatua, hata kidogo, mchungaji alijua, na aliujua uburenge, yaani maradhi ya midomo na kwato, kabla serikali haijaja na sindano na karantini yake. Moto nao ulikuwa rafiki wa zizi. Jioni huwashwa *igicaniro*, moto wa samadi na majani utoao moshi wa kufukuza nzi, na ng'ombe huusogelea wenyewe. Ni kazi rahisi, basi, kwa mtu aliyekaa kila jioni kati ya ng'ombe na moto, kuona kuwa kile kifukuzacho nzi kinaweza pia kufukuza maradhi. Na ndivyo ilivyokuwa katika nchi nyingi za maziwa makuu, toka Ankole hata huku, kwamba ng'ombe akishikwa na *ikibagarira*, ambayo kwa Kiswahili huitwa ndigana kali, na tezi chini ya sikio ikavimba kama limau, mwenye ng'ombe hupasha chuma na kuichoma ile tezi. Mabwana mifugo wamelikataza jambo hili kwa miaka mingi, kwa hoja isiyo na shaka: maradhi huletwa na kupe, kijidudu chake kinaenea katika damu na mwili mzima, na tezi ni mlango kilikopita tu, kuuchoma mlango hakumtoi mwizi aliyekwisha kuingia ndani.

Mkono wa pili wa tiba hiyo ya jadi ni ule wa kuunga. Katika Kinyarwanda *kunga imvune* ni kuunga mfupa uliovunjika, na tendo hilo hilo *kunga* ndilo lililozaa jina la *abunzi*, wapatanishi wa vijijini wanaokaa kuwasikiliza majirani waliogombana. Kana kwamba lugha imekataa kutofautisha baina ya mfupa na ujirani, maadam vyote viwili, vikivunjika, havina dawa illa kuletwa pamoja na kufungwa vikatulia. Kiswahili nacho kina siri ya namna hiyo. Gango ni kijiti au kibanzi cha kuushikiza mguu uliovunjika. Kuganga ni kufunga na kuunganisha, iwe mfupa, iwe mlingoti. Na kutoka hapo tukapata mganga, ambaye leo tunamdhania mtu wa hirizi na makombe, ilhali asili yake ni fundi wa vijiti na kamba. Sisemi kuwa waungaji wote ni salama. Hospitali za mikoa hii zimewapokea watoto waliofungwa gango kwa nguvu kupita kiasi, damu ikakatika, mguu ukaoza. Na huo ni ugomvi ambao ungali hai. Nasema tu kwamba kuunga na kuchoma, ingawa hufanywa na watu wale wale, ni rai mbili zisizofanana: moja hukiamuru kiungo kitulie, nyingine hukiamuru kiamke.

Sasa na tushuke pwani, tuivuke bahari, tumfuate farasi nyumbani kwake. Waarabu walikuwa na neno maalumu la mtibabu wa wanyama, *baytar*, ambalo Kiswahili kililipokea likawa baitari, na elimu yake ilikuwa elimu ya wafalme, kwa kuwa farasi alikuwa ndiye silaha. Katika Misri ya karne ya 14, Abu Bakr ibn al-Mundhir, baitari wa Sultani al-Nasir Muhammad bin Qalawun, alitunga kitabu kikubwa cha sanaa mbili, ya kumtibu farasi na ya kumfuga; na katika vitabu vya namna hiyo *kayy*, yaani kuchoma kwa chuma, ina mlango wake, pamoja na maelezo ya umbo la chuma na mahali pa kukigusisha. Wakati uo huo biashara ya farasi ilikuwa ikitoka Hormuz, na Aden, na Dhofar, na Qalhat iliyo katika nchi ya Oman, kwenda India ya kusini, ambako hali ya hewa haikuwafaa wanyama hao. Na Marco Polo alidai kuwa wafanyabiashara hawakuwaacha mabaitari kwenda huko, ili farasi wazidi kufa na wafalme wa huko wazidi kununua. Ikiwa ni kweli au ni masimulizi ya mabaharia, inatuonyesha kadiri watu walivyomthamini baitari: walimhesabu kuwa ni hatari kwa biashara.

Lakini kayy haikupata kukubaliwa kwa moyo mmoja hata kwa Waarabu wenyewe, na hapa wapo watakaostaajabu, maana tumezoea kufikiri kwamba ubishi juu ya dawa za jadi umeletwa na Wazungu wenye makoti meupe. Imepokewa katika hadithi kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alitaja tiba tatu, asali, na kuumika, na kuchoma kwa moto, kisha akaichukia hiyo ya tatu kwa umati wake. Na imepokewa vilevile kuwa alimchoma kwa mkono wake sahaba Saad bin Muadh alipopata jeraha vitani, damu ikakataa kusimama. Wanazuoni wakabaki na kazi ya kuzipatanisha habari hizi mbili, wengi wao wakahitimisha kuwa chuma kisitangulizwe maadam dawa nyingine ingaliko. Kutoka hapo, au pengine kabla ya hapo, ukapatikana ule msemo wa Waarabu kwamba dawa ya mwisho ni kuchoma, na hao wapendao kuchoma wakausoma kwa namna yao: wakaliacha neno la *mwisho*, wakashika *kuchoma*. Juu ya wanyama pia kuna habari ya Mtume kumwona punda aliyetiwa chapa usoni, akamlaani aliyefanya vile. Basi mpaka ulikuwa umewekwa, na waliouvuka waliuvuka wakijua.

Unguja ilipata farasi wake kutoka Maskati. Sayyid Said bin Sultan aliwapenda hata akawafanya zawadi za kidola; mwaka wa 1840 merikebu yake Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York ikiwa imechukua, pamoja na karafuu na mazulia, farasi wawili wa Kiarabu kwa ajili ya Rais Van Buren, ambaye sheria ya nchi yake haikumruhusu kuwapokea, wakapigwa mnada na fedha zikaingia hazina. Binti yake Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka wa 1886, ameeleza jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofundishwa kupanda farasi na wale punda weupe wa Maskati, warefu, ambao kwa kweli ndio waliobeba shughuli za mji. Farasi aliishi Unguja kama mgeni wa heshima. Aliyefanya kazi ni punda, na ndiye aliyebaki. Hadi leo, katika vichochoro vya Lamu, punda ndiye gari, na tangu mwaka wa 1987 pana zahanati ya punda ambako kwato na vidonda hutibiwa bure. Ukitaka kuujua mguu wa mnyama wa kazi katika Uswahilini, nenda huko, usiende kwenye picha za masultani.

Sasa nirudi kwenye mguu wenyewe, kwa kuwa bila kuufahamu hatuwezi kumfahamu mtu mwenye chuma. Farasi mzima ana uzito wa kilo mia nne na hamsini, mia tano, na zaidi ya nusu ya uzito huo huwa juu ya miguu ya mbele. Na chini ya goti la mbele hakuna nyama, kuna mfupa, ngozi, na kano ndefu nyuma yake zinazomchukua mnyama kama kamba zinavyochukua tanga. Kano hizo zina damu kidogo. Zikichanika kwa mbio, hupona polepole mno, kwa miezi tisa, kumi na miwili, wakati mwingine zaidi, na uzi mpya unaoota hauna ulaini wa ule wa kwanza, basi hukatika tena. Mwenye farasi, ambaye amelipa fedha nyingi na anataka mbio za msimu ujao, huona mguu umesimama katika hali ile ile wiki baada ya wiki, haufi wala haupoi, akasema moyoni: ugonjwa huu umelala, na tuuamshe.

Hiyo ndiyo iliyokuwa falsafa yote ya kuchoma. Walidhani kuwa uvimbe wa kale, uliotulia, hauponi kwa kuwa umetulia. Ukitiwa uvimbe mpya juu yake, damu itakuja kwa wingi, na ikija itatengeneza vyote viwili. Kwa hiyo farasi aliangushwa kwa kamba, au alisimamishwa mdomo wa juu umesokotwa kwa kitanzi, nywele za mguu zikanyolewa, na chuma kikapita. Wengine walichora mistari kuuzunguka mguu, mmoja chini ya mwingine, kama pete. Wengine walipiga nukta nukta kwa ncha, safu kwa safu. Wasiotaka chuma walipaka dawa kali ya kuvimbisha, iliyochanganywa na unga wa mbawakawa waitwao cantharis au na chumvi ya zebaki, hata ngozi ikatoka malengelenge, na mnyama akafungwa shingo asiweze kujilamba au kujing'ata. Shule za kwanza za utabibu wa wanyama katika Ulaya, kuanzia ile ya Lyon iliyoasisiwa na Claude Bourgelat mwaka wa 1761, hazikuutupa moto huo. Ziliupokea, zikaupangia vipimo, na madaktari wasemao Kifaransa wakawa na majina yao ya moto wa mistari na moto wa nukta, wakautumia hata juu ya migongo na vifua vya binadamu. Basi ule ugomvi wa *mganga wa kienyeji* na *daktari* si mwepesi kama tunavyousimulia, kwa kuwa katika jambo hili daktari alivaa koti jeupe na chuma kilikuwa kile kile.

Ubishi ulidumu karne mbili bila mshindi, na sababu yake ni ya kuchekesha kidogo: farasi wengi waliochomwa walipona. Mwenye chuma alikuonyesha makovu, akakuonyesha na mnyama anakimbia, ungemwambia nini? Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Silver, Brown na Goodship, wakaifanya kazi ambayo ilipasa kufanywa zamani, ya kuwalinganisha waliochomwa na wasiochomwa, wote wakipumzishwa sawasawa. Na mwaka wa 1983 walichapisha waliyoyaona. Moto haukuongeza kitu. Kano za waliochomwa hazikupona upesi wala vizuri zaidi, na ile dhana kwamba kovu hukaza mguu kama bendeji ya kudumu ilivunjika, kwa kuwa ngozi iliyochomwa ilikuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa. Miaka michache baadaye Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Wanyama cha Uingereza kikahukumu kuwa kazi hiyo haiendani na maadili. Wenye farasi wa mbio walinung'unika, na katika Marekani wako waifanyao bado. Na katika Asia na Afrika ya Kaskazini punda na farasi wa mikokoteni wangali wakionekana na mistari hiyo miguuni.

Ni nini, basi, kilichowaponya wale wa kwanza? Jibu ninaloliona mimi limo katika desturi iliyofuata baada ya chuma: farasi aliyechomwa hakuweza kupandwa. Jeraha lilikuwa wazi, mguu umevimba, na hata bwana mwenye pupa kuliko wote alilazimika kumpeleka malishoni na kumwacha huko miezi sita, hata mwaka mzima. Moto ulilipiwa, ukasifiwa, ukaandikiwa milango katika vitabu. Malisho hayakulipiwa, hayakusifiwa, na ndiyo yaliyofanya kazi. Kama baitari angemwambia bwana yule, *mwache farasi wako mwaka mmoja, asifanye lolote,* bwana angemtafuta baitari mwingine. Kwa hiyo chuma kilikuwa, kwa namna fulani, gharama ya kununua saburi. Na gharama hiyo hakuilipa bwana.

Huku Rusizi saburi ina bei yake pia. Mtu mwenye ng'ombe mmoja katika kilima cha mashamba ya chai na mihogo hana malisho ya mwaka mzima ya kumwacha mnyama achechemee. Majani hukatwa na kuletwa zizini, maziwa ndiyo ada ya shule, na bwana mifugo yuko mbali kwa mwendo wa pikipiki iliyokodiwa. Hapo chuma, kisichotaka kununuliwa wala kusubiriwa, hurudi kwa urahisi sana. Nimesikia vijana wa mjini wakiwacheka wazee kwa hayo. Sikuwacheka, kwa kuwa nimesoma habari za farasi wa Uingereza, waliotunzwa kwa vibanda vya matofali na shayiri ya kupimwa, wakachomwa vilevile, na wasomi.

Katika mnada wa ng'ombe mnunuzi hodari hatazami pembe kwanza. Humzunguka mnyama, akainama, akapitisha kiganja mguuni toka goti hata kwato, kisha akapanda hata chini ya sikio, akapapasa pale palipoota ngozi kavu isiyo na nywele. Ndivyo walivyofanya na wanunuzi wa farasi katika masoko ya Ulaya, wakizihesabu nukta kwa vidole. Mmoja akiliona kovu huteremsha bei, akisema mnyama huyu aliwahi kuugua. Mwingine huipandisha, akisema mnyama huyu amekwisha kutibiwa.